Usipime Mota Ikiwa Imelala

Shivachi mwanangu,

Kama unaisoma barua hii, basi umeshafungua zile fitingi mbili nilizozikaza kwenye ncha za kipande cha paipu, na naomba Mungu uwe umetumia spana, si meno. Nakujua. Ukikuta kipande cha fleksibo, paipu ya kujikunja, ndani ya begi, kati ya shuka na sweta ambayo hutaihitaji huko Lodwar, utasema mama amezeeka, amechanganya nguo na vifaa vya kazi. Hapana. Nimekosa bahasha ya kuaminika. Bahasha za dukani hupasuka, na vumbi la huko nasikia linaingia hata ndani ya yai. Paipu iliyofungwa kwa fitingi zake za haki haiingizi vumbi wala maji, na karatasi ndani yake hukaa tu imejikunja, ikimngoja mwenyewe.

Naandika mchana, mvua ikipiga mabati ya kibanda chetu cha kazi hapa uani. Ni ile mvua yetu inayongoja watu wamalize kula ndipo ije. Wewe umekwenda Mukumu kumuaga senje wako, na najua atakuchelewesha, maana dada ya baba yako hajui kuaga mtu bila kuchinja kitu. Baba yako amelala kwenye kile kiti cha plastiki hapo mlangoni, kofia usoni, anakoroma polepole kama mota iliyopata grisi. Nimesukuma waya na testa pembeni mwa meza nikapata nafasi ya karatasi. Mvua ikinyesha hivi akili yangu huenda mbali, kwa hiyo usishangae nikiruka kutoka huku hadi kule.

Sitakuambia ule vizuri. Sitakuambia ufue soksi. Hayo nimeyasema tangu uanze kuvaa viatu, na soksi zako bado zinasimama zenyewe bila mguu. Nataka kukuambia mambo ambayo hukuniuliza, kisha nijibu lile uliloniuliza.

Uliniuliza Jumapili baada ya kanisa, ukiwa umeinama unapanguza matope kwenye viatu vyako vizuri. Hukuinua uso. Ulisema, "Mama, gari ya wale watu wa visima, ya kwenda kazini Lodwar, inatoka wiki hii. Baba ameshasema sawa. Wewe unasemaje? Niende ama nikae?" Nikasema, "Tutaona." Ukaniambia bila neno langu hutapanda hilo gari, hata kama nafasi itapewa mtu mwingine. Kisha ukaenda kuchanja kuni, na mimi nikabaki na lile "tutaona" mdomoni kama kipande cha muwa kilichokwisha utamu.

Kila siku tangu Jumapili umenitazama asubuhi, na kila siku nimekupa chai badala ya jibu.

Unajua kwa nini. Wewe ni kitinda mimba, na wa kiume. Kwetu, nyumba ya mama ni ya kitinda mimba. Kaka yako alipopata shamba lake Lugari hakuna aliyeshtuka, na dada yako alipoolewa tulipiga vigelegele. Lakini wewe, hata isimba yako, nyumba yako ya ujana, tulipoijenga pale karibu na mti wa avokado, niliipima kwa hatua zangu ili nikiita kutoka jikoni usikie. Akina mama wa kanisa wameniuliza wiki hii yote, "Sasa wewe utabaki na nani?" Nimewajibu nitabaki na kuku. Wamecheka. Mimi sikucheka sana.

Acha nikurudishe nyuma kidogo.

Mimi sikutaka kuwa fundi wa stima. Nilitaka kushona. Nilienda kwenye chuo kidogo cha ufundi nikiwa na kitambaa changu kwenye mfuko wa karatasi, nikaambiwa darasa la cherehani limejaa, nikae kwenye darasa la waya mpaka nafasi ipatikane. Nikakaa nyuma kabisa na kitambaa changu mapajani. Siku moja mwalimu akanipa bisibisi kwa sababu tu mkono wangu ulikuwa mdogo kuliko wa wavulana na kuna mahali palibana. Nikafunga. Akawasha. Balbu ikawaka kule mwisho wa chumba, mbali na mkono wangu, na kitu fulani kifuani mwangu kikawaka nayo. Nafasi ya cherehani ilipopatikana nilisema nimesahau kushika sindano. Kile kitambaa kilikuja kuwa shuka lako la kwanza. Lilikuwa na maua ya zambarau, lakini huwezi kulikumbuka.

Nikatoka pale nikiwa na kiburi, Shivachi. Msichana anayepanda ngazi na suruali, watu wanasimama kutazama, na mtu akitazamwa sana huanza kufanya kazi kwa ajili ya macho. Nilipenda paipu zangu zinyooke. Nilipenda mtu akiingia aseme, "Ehe, hii ni kazi safi." Usafi ni mzuri. Lakini kuna usafi wa picha na kuna usafi wa kitu kinachoishi, na mimi nilikuwa sijajua tofauti yake.

Ndipo Mzee Ingosi wa Malinya akaniita nimfungie mota ya kinu chake cha posho. Hiyo hadithi umeisikia ikipitapita hapa nyumbani, vipande vipande, watu wakicheka. Leo ninakupa yote.

Kutoka kwenye swichi ukutani hadi kwenye mota nilihitaji paipu ya kujikunja. Hilo nilijua, kwamba mashine inatetemeka na paipu ngumu itapasuka. Nikanunua fleksibo nyembamba, kwa sababu ndiyo waliyokuwa nayo. Nilipofika Malinya nikakuta fitingi nilizobeba ni za saizi iliyo juu yake. Paipu ilikuwa ikicheza ndani ya fitingi kama mguu wa mtoto ndani ya gambuti za baba yake. Kurudi mjini kubadilisha ni safari, na akina mama walikuwa wameshapanga foleni na gorogoro zao za mahindi. Wakati huo kelele za ng'ombe wa kupigana zilisikika kutoka uwanjani, na kila mtu alitaka kusaga haraka akatazame. Mzee mwenyewe shingo yake ilikuwa imegeukia huko.

Basi nikafanya lile tunalolifanya sisi wa huku. Nikaomba blada, ule ukanda wa mpira wa tyubu unaofungia mizigo kwenye baiskeli. Nikaikata, nikaizungushia kwenye paipu mpaka ikanenepa, nikaisukuma ndani ya fitingi, nikakaza. Ikashika! Nikaivuta kwa nguvu zangu zote na haikutoka. Nikajiona nimewashinda waliotengeneza hizo fitingi.

Kisha nikakata paipu iwe fupi, iende moja kwa moja, ipendeze. Nilipima mashine ikiwa imezimwa, kimya, inzi wakitembea juu yake. Ilipendeza kweli kweli.

Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba mota ya kinu haikai mahali pamoja. Inakaa kwenye reli zake, na mkanda ukilegea, mwenye kinu hufungua nati na kuisogeza nyuma ili mkanda ukaze. Hufanya hivyo mara kwa mara, bila kumwita fundi, kama mtu anavyokaza mshipi wake baada ya msimu wa njaa. Kila Mzee Ingosi aliposogeza mota, paipu yangu fupi ilivutwa. Na mafuta ya mashine yalikuwa yakila ile blada polepole, ikalainika ikawa kama ugali wa jana. Siku moja paipu ikachomoka. Waya zikabaki uchi kwenye ukingo wa lile tundu la chuma, mashine ikitetemeka, ukingo ukikata. Waya wa ethi, ule wa kupeleka hatari ardhini, nilikuwa nimeuacha mfupi kuliko wenzake, kwa hiyo ndio uliong'oka wa kwanza.

Mzee akaweka mkono juu ya mota kama alivyozoea kila asubuhi, kuisikiliza ikiamka.

Hakufa. Mungu ni mwema, na sakafu ilikuwa ya mbao, na alirushwa nyuma akaangukia magunia. Lakini mkono wake wa kulia haukuwahi kutulia tena sawasawa. Ulimwona mwenyewe ulipokuwa mdogo, ulimuuliza mbona kikombe chake kinaimba. Kile kikombe kilikuwa kinagonga kisahani. Aliwaambia watu ni uzee, na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, nimekubeba.

Niliogopa kwenda Malinya. Nilipokuwa na kazi upande ule nilizunguka njia ya mbali, kwa miguu, kwenye matope, nisipite mbele ya kinu. Kumbe mzee alikuwa akiniulizia. Mwishowe akamtuma mtu: fundi aje. Nikaenda nikijua ninakwenda kutukanwa mbele ya watu. Nilimkuta amekaa juu ya gunia, anapuliza chai yake. Akaniambia, "Msichana, hebu rudia ile kazi."

Nikamwambia, "Mzee, tafuta fundi mwingine."

Akasema, "Mwingine wa nini? Huyo mwingine atakuja kujifunza kwangu tena. Wewe sasa ndio unajua vile hii kitu inaharibikanga."

Nikalia. Akaniacha nilie, halafu akacheka kidogo na kusema, "Iko kitu moja tu ulikosea. Unapimanga mota ikiwa imerara. Mota hairarangi, mwana wanje. Ipime ikitembea."

Nimefundishwa na walimu wenye vyeti, mwanangu, na nawashukuru. Lakini tangu siku ile kila nikishika paipu mkononi nasikia sauti ya yule mzee, na kikombe chake.

Watu hudhani kazi yetu ni waya. Waya hata ng'ombe anaweza kuuvuta. Kazi iko pale paipu inapokutana na boksi, pale pa kuunganisha. Hapo ndipo maji huingia, hapo ndipo chuma hukata, hapo ndipo mvuto wote wa safari huishia. Nikienda hadwea, mwenye duka hunimwagia fitingi kwenye kaunta kama njugu na kuniambia, "Mama, zote ni sawa." Siku hizi simjibu. Natoa kipande cha paipu nilichobeba mfukoni, najaribu moja moja, nasikiliza. Ile ya plastiki yenye mikunjo ina meno yake yanayolia ta! yakishika. Ile ya chuma ya kujiviringa inataka fitingi yenye kingo laini ndani, isije ikawa kisu. Ile ya chuma iliyovishwa mpira inataka pete na mpira wake wa kubana, hasa mahali penye maji, kama kwenye zile pampu za wachimba dhahabu, ambako nimefanya kazi nikiwa kwenye tope hadi magotini. Na usikubali kuuziwa fitingi ya bomba la maji eti itaingia. Itaingia, ndiyo. Hata mguu wa kushoto huingia kwenye kiatu cha kulia.

Ninapenda kuwaza juu ya hizo fitingi mvua ikinyesha. Unajua sasa hivi, huku ninaandika, kuna maji yanatafuta njia kwenye kila boksi tulilolifunga mimi na wewe, Lurambi, Malinya, huko Mukumu kwenye taa za yule mama wa mkate. Nayaona yakitembea kwenye paipu, yanafika kwenye shingo ya fitingi, yanazunguka, yanabisha hodi, yanakosa mlango, yanadondoka chini kwenye majani. Nikifumba macho naweza kuzunguka wilaya nzima namna hiyo, nyumba hadi nyumba, bila kulowa. Baba yako husema nikinyamaza hivi niko safarini.

Lakini Lodwar sijui. Nimejaribu kuiona na akili inakataa. Mimi nimezoea nchi ambayo ukiacha spana nje usiku asubuhi imeota kutu. Nasikia huko spana inalala nje mwaka mzima na inabaki inang'aa, ila ukiishika mchana inakuchoma. Nasikia jua la huko linakula plastiki mpaka inavunjika kama ganda la yai. Sasa hiyo paipu nitakufundishaje? Nilichokufundisha mimi ni kazi ya mvua. Kazi ya jua utafundishwa na watu wengine, na utakuwa wa kwanza nyumbani kwetu kuijua. Hilo lilinichoma, Shivachi. Nilizoea kuwa mimi ndiye mwenye jibu.

Na ndiyo maana nilikuwa nakukazia. Ulipopata nafasi kwenye chuo kile cha Eldoret nilikuuliza, "Nani atanishikia ngazi?" Ukabaki. Hukuninunia hata siku moja. Ulishika ngazi. Nilikuwa nikikutazama kutoka juu, utosi wako tu, na mikono yako miwili imeshika vyuma pande zote, nikajiambia mtoto ameridhika. Sikushuka nikuulize. Mtu aliye juu ya ngazi huona utosi, haoni uso.

Tangu Jumapili nimeota ndoto moja. Kuna paipu inatoka chini ya dari ya jikoni kwangu, inapita juu ya isimba yako, inaingia kwenye mahindi, inavuka mto, inaenda tu. Ninaifuata kwa miguu, peku, nikitafuta mahali inapovutwa. Msitu unapita, mashamba ya miwa yanapita, nchi inakauka chini ya miguu yangu, na paipu imekaza mpaka inaimba kama waya wa ua upepo ukivuma. Sifiki mwisho wake. Naamka nimeshika pembe ya blanketi, na baba yako analalamika amebaki nje.

Sasa nakuja kwa la leo asubuhi. Hili nilikuwa nisikuambie. Utacheka, na una haki.

Jana ulimaliza kazi yako ya mwisho hapa, mota ya kinu cha Mama Khayesi kule Lurambi. Ulikwenda peke yako kwa sababu nilisema mgongo unauma. Mgongo haukuwa unauma. Nilitaka uende peke yako, kisha niende nyuma yako nitafute kosa. Nisamehe. Nilikuwa nimelipanga vizuri. Nitakuta fitingi imelegea, au blada imefichwa, au paipu imekatwa fupi ipendeze, kama mama yake alivyofanya. Halafu nitarudi nikuambie kwa sauti ya huruma, "Mwanangu, bado. Kaa kidogo. Huko mbali utaua mtu." Na ungekaa. Ungekaa bila kuninunia, na mimi ningekuwa nimekupata kwa haki, bila kusema neno baya.

Basi ulipotoka kwenda Mukumu nikachukua spana yangu, ile yenye mpini wa utepe mwekundu, nikaiweka mfukoni mwa sweta, nikaenda.

Mama Khayesi alikuwa anafagia unga mlangoni. "Mulembe, fundi! Umekuja kufanya nini na kijana alimaliza jana?"

"Nimekuja kuangalia tu."

"Kuangalia na spana?" Macho yake yalikuwa yameshaona mfuko unavyoning'inia.

Nikazima swichi kubwa, nikapiga magoti kando ya mota. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba paipu ni ndefu. Ndefu sana, nikafurahi! Imeshuka kutoka ukutani, ikafanya tumbo kubwa hapo katikati, ndipo ikapanda kwenye mota. Nikajisemea, sasa huyu amepoteza paipu ya watu, hiki ni kitu cha kuning'inia namna hii? Nikamwita Mama Khayesi. "Hukumwambia akate?"

Akaegemea ufagio. "Weh! Huyo mtoto alinisumbua jana! Kabla ya kutoa ile paipu ya zamani aliniambia, lete mahindi, washa. Nikamwambia, si ufunge mpya kwanza ndio tuwashe? Akasema hapana, kwanza nione vile inatingikanga. Akaangalia, akaangalia, mpaka debe ikaisha. Halafu akazima, akasongesha mota mpaka mwisho ya reli, akarudisha, akasongesha tena. Nikamwuliza, wewe umekuja kazi ama unachezanga na mashine yangu? Akasema, mama yangu aliniambia mota hairarangi."

Sijawahi kukuambia maneno hayo, Shivachi. Nimejaribu kukumbuka leo mchana kutwa na sioni siku niliyokuambia. Labda nilikuwa nikiyasema peke yangu juu ya ngazi, na wewe uko chini.

Nikafungua boksi. Mkono wangu ulikuwa unatafuta kosa bado, kwa mazoea tu, kama mtu anayetafuta ufunguo ambao ameshauona. Fitingi ilikuwa ya saizi yake. Ndani ilikuwa na kingo laini. Nilipitisha kidole pande zote. Mpira wa kubana ulikuwa umekaa mahali pake, haukujikunja. Blada hakuna. Na waya wa ethi ulikuwa mrefu kuliko wote, umeuzungusha mara moja taratibu kando ya boksi, ili hata dunia ikivuta, huo uwe wa mwisho kung'oka.

Nikaweka spana kwenye nati. Haikusogea. Nikasukuma kidogo zaidi, nikitumaini. Haikusogea.

Nikafunga boksi. Mama Khayesi akawasha kinu, kwa sababu wateja walikuwa wameanza kufika, na sikuinuka. Mota ikaamka. Nikaitazama ile paipu yako. Mota inatetemeka, ukuta umetulia, na katikati lile tumbo la paipu linacheza polepole, linachukua mtetemo wote, halipeleki kwa yeyote. Unga ulikuwa unapanda kwenye mwanga wa mlango na kushuka juu ya nywele zangu. Harufu ya mahindi ya moto. Nikakumbuka lile shuka la maua ya zambarau. Nikakumbuka Mzee Ingosi anavyopuliza chai. Sikujua nimelia mpaka Mama Khayesi aliponiambia, "Fundi, uso wako umefanya uji."

Na pale pale nikaielewa ndoto yangu. Miaka hii yote nimekuwa nikikupima ukiwa umelala. Nilikupima ukiwa mchanga, nikakupima ukiwa chini ya ngazi umetulia, nikakata urefu wa kunitosha mimi, ufike kutoka jikoni hadi isimba. Kumbe wewe ulikuwa kwenye reli zako tangu zamani, unasogea, na mimi ndiye nilikuwa navuta.

Nimerudi nyumbani na unga wa Mama Khayesi, ule uliousaga ukipima mota yako. Alikataa niuache. Ndio nimesongea obusuma, ugali wetu wa jioni hii, na ingokho, yule jogoo wa kukuaga, iko motoni tangu mvua ianze. Baba yako alipoamka kidogo kunusa nilimuuliza nani atakula imondo leo, kwa kuwa imondo, ile firigisi ya kuku, ni ya mwenye nyumba. Akasema, "Mpe anayesafiri," akarudisha kofia usoni. Yeye alikujibu mapema. Alikuwa ananingoja mimi.

Zile soksi zako nimezifua, nimeshindwa kujizuia. Na spana yenye utepe mwekundu iko juu kabisa ndani ya begi. Unaijua sasa ilivyofika Lurambi na ilivyorudi bila kazi, kwa hiyo ni yako. Usiitunze sana. Iache ichomwe na hilo jua.

Taa ya mlango wa isimba nitaiwasha kila jioni. Si kwa sababu nakungoja. Ni kwa sababu wewe ndiye uliyeifunga, na ninapenda kuiona ikiwaka mbali na mkono wangu.

Mvua imekatika. Baba yako amekaa wima. Nasikia buti zako kwenye ngazi za mlango wa nyumba, unakwangua matope, unakwangua sana, kama mtu anayeogopa kuingia. Najua utakachoniuliza tena. Wacha niikunje hii niisukume kwenye paipu kabla hujaiona, nije nikufungulie mwenyewe. Neno la kwanza utakalolisikia ni "nenda". La pili ni "lakini ingia kwanza, obusuma inapoa".

Mama yako